Njia Tatu na Mabehewa Manane

Garimoshi la mizigo litokalo Dar es Salaam kwenda bara hufika Tabora, na hapo reli hugawanyika: mkono mmoja waelekea Mwanza na mwingine Kigoma. Iwapo mabehewa ya Mwanza yamefungwa pamoja upande mmoja na ya Kigoma upande mwingine, kuyatenga ni kazi ya kitambo kidogo. Lakini iwapo yamechanganyika, moja la Mwanza, mawili ya Kigoma, tena moja la Mwanza, injini italazimika kwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi, ikiacha behewa hili hapa na kulivuta lile kule, mpaka kila moja lipate wenzake. Kila mwendo wa namna hiyo hutumia mafuta na wakati, na kila kiungo kinapofungwa au kufunguliwa huenda yupo mtu asimamaye karibu na magurudumu. Wenye mizigo hawaioni kazi hiyo. Wanachokiona ni kuchelewa.

Kazi ya kupanga mabehewa ina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo yaweza kuwekwa juu ya dawati la darasani. Huko Uingereza na Marekani wapo watu wazima wengi ambao hujenga reli ndogo za mfano nyumbani mwao. Walio wengi hupendezwa na kuiona treni ikizunguka, ikipita chini ya vilima vya karatasi na kando ya nyumba ndogo zenye taa. Lakini wamo wachache wasiotaka treni yao izunguke popote. Wao wanataka iwatege kitendawili. Ni kutoka kwa hao wachache ulikotoka mchoro mmoja wa njia za reli, mdogo kabisa, ambao unastahili kuingia katika shule za sekondari za Afrika Mashariki kabla ya vifaa vingi vya ghali vinavyoombwa kila mwaka na kusubiriwa bila kufika.

Mchoro huo huitwa Inglenook Sidings. Aliyeubuni ni Mwingereza Alan Wright, naye alipata mfano wake katika njia za pembeni za Kilham, kituo kidogo kwenye reli iliyokuwa ikitoka Alnwick kwenda Cornhill, katika jimbo la Northumberland. Neno inglenook kwa Kiingereza ni ile pembe ya kukalia iliyo kando ya meko, na jina hilo limefaa, kwa kuwa reli yote yatoshea mahali ambapo mtu angeweka kabati.

Afikirie msomaji mti uliolazwa chini. Shina ni njia ambayo injini husimama. Shina hilo lina panda mbili tu, yaani mahali pawili ambapo reli hugawanyika, na hivyo huzaa matawi matatu. Tawi refu lina nafasi ya mabehewa matano. Matawi mafupi yana nafasi ya mabehewa matatu kila moja. Shina lina nafasi ya injini na mabehewa matatu, wala halipiti hapo. Ncha zote zimezibwa. Hakuna pa kuzunguka wala pa kutorokea. Mabehewa ni manane na kila moja lina alama yake. Mchezo huanza kwa kuandika alama za mabehewa hayo katika vipande vinane vya karatasi na kuvitia ndani ya kofia. Vipande vitano vyatolewa kimoja kimoja, na kufuatana kwake ndiko kufuatana kwa mabehewa ya treni inayotakiwa isimame katika tawi refu. Behewa la kwanza liwe mdomoni mwa tawi, la pili nyuma yake, na kuendelea hivyo hadi la tano. Mabehewa matatu yaliyosalia yakae popote.

Maelezo ya mchezo yamekwisha. Mtoto wa kidato cha kwanza atayaelewa kwa dakika tano, kisha atatokwa na jasho kwa nusu saa.

Nguvu ya mchoro huu imo katika mipaka yake, na hilo ndilo ambalo wachoraji wengi wa reli ndogo hawalitambui. Mtu apatapo ubao na fedha kidogo, shauku yake ya kwanza ni kuujaza ubao huo reli. Akiona pembe iliyo tupu huongeza tawi. Akiona tawi fupi hulirefusha. Mwishowe huwa na reli nyingi na kitendawili hakipo, maana kila behewa lina mahali pa kusubiri na hakuna linalomzuia mwenzake. Mchoro wa Wright hauna reli hata moja ya ziada. Na uhesabiwe: matawi matatu yana nafasi 5 na 3 na 3, jumla 11. Mabehewa ni 8. Yakiwa yote matawini, nafasi zilizo wazi ni 3, na shina nalo huchukua mabehewa 3.

Ili kuona uzito wa nafasi hizo tatu, na aziondoe mwalimu. Achukue mabehewa 11 badala ya 8, ayajaze matawi yote. Injini ikivuta behewa moja, mawili au matatu kutoka tawi lolote, nafasi pekee iliyo wazi katika mti mzima ni ile ile yalikotoka. Yatarudi huko huko kwa mpango ule ule. Kwa mabehewa 11 hakuna kinachoweza kubadilika hata injini ikifanya kazi mwaka mzima. Huo ni uthibitisho kamili wa kihisabati, wala haukuhitaji alama hata moja ya aljebra. Wanafunzi wanaoogopa neno "thibitisha" katika karatasi ya mtihani wangefaa waanzie hapo. Kinyume chake, behewa likiwa moja tu, hakuna kazi. Kitendawili kizuri kimo mahali fulani kati ya wepesi huo na kukwama huko.

Kuna jambo jingine ambalo mikono hulijua kabla ya akili. Katika tawi lililozibwa, behewa la mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka, sawasawa na sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine kabatini. Kwa hiyo mabehewa mawili yakihamishwa moja moja kutoka tawi moja kwenda jingine, mpango wake hugeuka: lililokuwa mdomoni huwa nyuma. Lakini yakihamishwa pamoja, yakiwa yamefungwa, mpango haugeuki hata kidogo. Tofauti hiyo kati ya kuhamisha kimoja kimoja na kuhamisha kwa fungu ndiyo silaha yote ya mchezaji. Asiyeigundua huhangaika tu, na aliyekwisha kuigundua huanza kupanga.

Mfano wa mabehewa mawili watosha. Tuseme mdomoni mwa tawi refu lipo behewa la saruji na nyuma yake la mbolea, na inatakiwa la mbolea liwe mdomoni. Kila injini inapoingia tawini kufanya kazi na uhesabiwe mwendo mmoja. Njia ya kwanza ni hii: injini iingie tawi refu na kuvuta yote mawili, iingie tawi fupi na kuacha mbolea, ambayo sasa ndiyo iliyo mbali na injini, irudi tawi refu na kuacha saruji, iende kuchukua mbolea, irudi kuiweka mdomoni. Hiyo ni miendo mitano. Njia ya pili: ivute saruji peke yake, iiache tawi fupi, irudi tawi refu kuvuta mbolea, iipeleke tawi fupi mpaka ishikane na saruji na kuyavuta yote mawili, iyasukume pamoja katika tawi refu. Ni miendo mitano pia, ingawa kazi ni tofauti kabisa. Je, yaweza kufanyika kwa miendo minne? Hapo mwalimu anyamaze. Darasa litagawanyika, wengine wakiapa kwamba inawezekana, wengine wakitaka kuthibitisha kwamba haiwezekani, na upande wa pili utalazimika kueleza kwa nini.

Vipimo kabla ya rangi

Anayetaka kujenga reli ya kweli ya mfano, yenye injini ya umeme, hana budi kuanza na rula. Na achukuliwe yule mjenzi wa Kiingereza anayetumia kipimo kinachopendwa sana huko, ambacho milimita 4 ni futi moja, yaani kama 1 kwa 76. Katika kipimo hicho behewa fupi la magurudumu manne la zamani huwa na urefu wa takriban milimita 80, na injini ndogo ya kupangia mabehewa yaweza kuchukuliwa kuwa milimita 120. Basi shina ni 120 na 80 mara tatu, jumla milimita 360. Tawi refu ni 400. Matawi mafupi ni 240. Kila panda nayo ina urefu wake, na hapa ikadiriwe milimita 180.

Sasa zipo namna mbili za kuupanga mti. Katika namna ya kwanza tawi refu hunyooka tangu shinani, na matawi mafupi huchepuka kutoka kwake, moja kwa panda ya kwanza na jingine kwa panda ya pili. Urefu wake ni 360 na 180 na 180 na 400, yaani milimita 1,120. Katika namna ya pili panda ya kwanza hulitenga tawi refu, na panda ya pili huyatenganisha matawi mafupi mawili. Hapo upande wa tawi refu huwa 360 na 180 na 400, yaani 940; na upande wa matawi mafupi huwa 360 na 180 na 180 na 240, yaani 960. Milimita 160 zimeokolewa kwa kubadili tu mahali pa panda, na ncha za matawi yote zimekaribia kulingana, tofauti ikiwa milimita 20. Hakuna kilichonunuliwa wala kukatwa. Ni kujumlisha tu, hesabu ya darasa la nne. Kazi ya mhandisi ina sehemu kubwa ya namna hiyo, ijapokuwa vijana wengi huidhania kuwa ni kazi ya mashine.

Karibu na kila panda yafaa kuongezwa nafasi ya behewa moja hivi, kwa sababu njia mbili zinazoachana huwa bado zimebanana, na behewa lililosimama hapo litagongwa na linalopita njia ya pili. Kwa nyongeza hiyo na vizuizi vya mwisho, ubao wa mita 1.2 kwa sentimeta 30 utatosha.

Kosa linalotendeka mara nyingi ni kuzidisha. Mjenzi akiona tawi la mabehewa matatu lina sentimeta chache mbele, huliacha hivyo "kwa usalama". Tawi la mabehewa matatu lazima liwe na urefu usiopungua mabehewa matatu na usiofika manne. Kwa mabehewa ya milimita 80, usipungue 240 na usifike 320. Shina lenye nafasi ya injini na mabehewa manne huonekana kama wema mdogo kwa mchezaji, kumbe limekwisha badilisha swali lote. Ndiyo maana pia mabehewa yote yawe na urefu mmoja. Katika yadi ya kweli hayalingani, na wapangaji wa kweli wana shida hiyo juu ya nyingine zote, lakini mwanafunzi na aanze na swali moja kwanza.

Saa au hesabu

Wamarekani nao wana mchoro wao, uliotangulia kwa umaarufu. John Allen, ambaye reli yake ya mfano huko Monterey, California, iliyoitwa Gorre & Daphetid, ilijulikana na wapenzi wa kazi hiyo karibu duniani kote, alichapisha mchoro alioupa jina Timesaver katika jarida la Model Railroader la mwezi Novemba 1972, miezi michache kabla hajafariki Januari 1973. Mchoro huo una matawi mafupi yanayotazama pande zote mbili, na katikati una njia ya kupishania, ili injini iweze kuzunguka na kutokea upande wa pili wa mabehewa yake. Watu huucheza kwa saa mkononi, na pakiwa na michoro miwili hushindana nani atamaliza mapema.

Timesaver ni mchezo mzuri wa sherehe. Kwa shule, hata hivyo, una kasoro mbili. Ya kwanza ni ile njia ya kupishania: injini ikiweza kulifikia behewa kutoka pande zote mbili, mipangilio na miendo huwa mingi kwa haraka sana hata mwanafunzi hawezi kuifuatilia kwa kalamu, na kilichokuwa hisabati hugeuka kuwa bahati na wepesi wa vidole. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni saa yenyewe. Saa humfundisha mtoto kutenda kabla ya kufikiri. Atavuta behewa la kwanza aonalo, kwa kuwa sekunde zinapita. Lakini mpangaji mabehewa mwenye ujuzi husimama kwanza, huisoma orodha, huyatazama matawi, kisha hufanya kazi kwa miendo michache, na dakika mbili alizosimama hurudishwa na miendo sita asiyoifanya. Shuleni, basi, ihesabiwe miendo, na saa ifungiwe kabatini. Mwanafunzi aliyekaa robo saa akitazama bila kugusa kitu asiambiwe kwamba analala.

Viberiti na chaki

Watakaopinga wapo, na hoja zao si za kudharau. Watasema kwamba reli za mfano ni mchezo wa watoto wa matajiri wa nchi za ng'ambo, na kwamba shule isiyo na darubini wala kemikali za kutosha haina haki ya kufikiria vitreni. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kitendawili kingekuwa ndani ya treni. Kimo katika idadi ya nafasi, na nafasi zaweza kuchorwa kwa chaki. Kiberiti cha kawaida kina urefu wa sentimeta 5 na kidogo. Kwa viberiti vitupu tisa, vinane vya mabehewa na kimoja kilichopakwa rangi cha injini, shina huchorwa kwa urefu wa viberiti vinne, tawi refu vitano, na matawi mafupi vitatu vitatu. Ili kutopunguka, mwalimu apime kwa viberiti vyenyewe badala ya rula. Dawati moja latosha, na sakafu ya darasa moja yatosha makundi kumi.

Sharti moja lishikwe kwa ukali: kiberiti kisinyanyuliwe. Reli ya chuma hulazimisha uaminifu, kwa kuwa behewa haliwezi kuruka jingine. Chaki haina nguvu hiyo, na vidole vya vijana vina tamaa. Kwa hiyo wanafunzi wafanye kazi wawili wawili. Mmoja aiendeshe injini, na mwingine awe karani anayeandika kila mwendo: tawi gani, mabehewa mangapi, yamechukuliwa au yameachwa. Karatasi ya karani ndiyo kazi itakayosahihishwa. Mwanafunzi mwingine aweze kuichukua kesho yake na kuurudia mchezo wote bila kumwuliza mtu neno. Asipoweza, karatasi ina kosa. Walimu wa kemia na fizikia hulalamika miaka yote kwamba taarifa za majaribio huandikwa ovyo. Hapa ovyo hujidhihirisha wenyewe, maana viberiti hufika mahali vikakataa kupita.

Hoja ya pili ya wapinzani ni muhtasari wa masomo na mitihani. Muda ni mchache, na maswali ya mtihani hayaulizi habari za mabehewa. Lakini yauliza mipangilio, na ukweli usiopendeza ni kwamba wanafunzi wengi wa vidato vya juu hujibu maswali ya mipangilio kwa kukumbuka kanuni ambayo hawajui ilikotoka. Wakiulizwa vitu vitano vyaweza kupangwa kwa njia ngapi kutoka vitu vinane, huandika herufi, huingiza tarakimu, hupata 6,720, hupewa alama. Wakiulizwa kwa nini wamezidisha badala ya kujumlisha, wengi hunyamaza. Mbele ya kofia yenye vipande vinane vya karatasi jibu huja lenyewe: kipande cha kwanza chaweza kuwa chochote kati ya 8, kwa kila kimoja cha hivyo, cha pili chaweza kuwa chochote kati ya 7 vilivyobaki, kisha 6, kisha 5, kisha 4. Na 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4 ni 6,720. Mwanafunzi akitaka kuhisi ukubwa wa namba hiyo, ahesabu hivi: akicheza mpangilio mmoja kila siku ya masomo, kwa siku 200 za mwaka, na asirudie hata mmoja, itamchukua zaidi ya miaka 33. Aliyeanza kidato cha kwanza atamaliza akiwa na watoto waliokwisha kuondoka shuleni.

Shule yenye kompyuta, hata iwe moja ya zamani, yaweza kwenda mbali zaidi. Swali la kwanza ni idadi ya hali zote ambazo mti waweza kuwa nazo injini ikiwa haina behewa. Nafasi tatu tupu zaweza kugawanywa kati ya matawi matatu kwa njia 10, na wanafunzi waziandike zote kwa mkono. Kwa kila moja ya njia hizo, mabehewa manane yaweza kupangwa kwa njia 40,320. Jumla ni hali 403,200. Kwa mtu ni nyingi kupita kiasi. Kwa kompyuta ni kidogo. Programu isiyo ndefu yaweza kuanzia hali moja, kutafuta hali zote zinazofikiwa kwa mwendo mmoja, kisha kwa miwili, kisha kwa mitatu, mpaka pasiwe na mpya. Programu hiyo itajibu maswali mawili yaliyobaki wazi juu ya dawati: je, kila mpangilio wa kofia unawezekana, na ule mgumu kupita yote unahitaji miendo mingapi?

Maswali hayo si ya watoto. Mwaka 2019 mwanahisabati Simon Blackburn wa Royal Holloway, chuo cha Chuo Kikuu cha London, alichapisha makala ya utafiti katika jarida la kimataifa la hisabati juu ya vitendawili vya aina hii hii. Alichunguza ni lini mtu aweza kuwa na hakika kwamba mabehewa yatapangika, urefu wa matawi na wa shina ukiwa wowote, na pia namna ya kufikia mpangilio kwa miendo michache kuliko yote. Mchezo uliozaliwa kutokana na njia za pembeni za kituo kidogo cha mashambani ulikuwa na kazi ya kutosha kwa mtafiti wa chuo kikuu. Mwalimu atakayeambiwa na mkuu wake kwamba anapoteza kipindi kwa viberiti na amtajie jambo hilo kwa heshima.

Tanzania ina reli za upana wa aina tatu: reli ya kati ya milimita 1,000, TAZARA ya 1,067, na reli mpya ya 1,435. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine, na mzigo unaotoka reli hii kwenda ile hauna budi kuhamishwa. Anayepanga yadi ambamo reli mbili za namna hiyo hukutana ana mti wenye matawi ambayo baadhi ya mabehewa hayawezi kuyaingia kabisa. Kwa kundi la wanafunzi waliokwisha kuuzoea mchoro wa Wright hilo ni swali jipya la kujitungia: viberiti vinne vyekundu visivyoruhusiwa tawi moja, vinne vyeupe visivyoruhusiwa jingine. Pengine kitendawili kitakufa, pengine kitanoga. Ni kazi yao kujua, na mahali pa kuanzia ni kuhesabu nafasi zilizo wazi.

Kwa wanaoanza, hata hivyo, manane ni mengi. Waanze na tawi la nafasi tatu na mawili ya nafasi mbili mbili, shina la injini na mabehewa mawili, mabehewa matano, na treni ya mabehewa matatu. Mipangilio ya kofia ni 5 mara 4 mara 3, yaani 60. Darasa la wanafunzi arobaini, likigawanywa makundi ishirini, laweza kuimaliza yote kwa kila kundi kuchukua mitatu. Karatasi sitini zibandikwe ukutani, kila moja na idadi ya miendo yake, kisha kila kundi lipewe wiki moja kujaribu kupunguza mwendo katika karatasi za kundi jingine.